Wanaoishi Juu ya Handaki: Majirani Wanavyopashwa Habari Reli ya Chini ya Ardhi Inapojengwa

Reli ya chini ya ardhi inapojengwa mjini huwa na majirani wa aina mbili, na haja zao hazifanani. Wa kwanza ni yule ambaye handaki linapita chini ya nyumba yake. Mashine ya kuchimba handaki husonga mita kumi, ishirini, hata thelathini kwa siku, kwa hiyo huyu husikia muungurumo chini ya sakafu kwa siku chache tu, kisha mashine inamwacha na kuwaendea walio mbele. Wa pili anaishi kando ya shimo la stesheni. Huyo shida yake haipimwi kwa siku. Atakaa miaka mitano, saba, pengine kumi, akiwa na ukuta wa mabati mbele ya mlango wake, malori ya udongo, pampu zinazonguruma usiku na barabara inayohamishwa kila baada ya miezi michache. Mradi unaowapa wote wawili karatasi moja yenye picha ya treni inayong'aa haujamwambia kitu hata mmoja wao.

Ili kujua majirani wanahitaji kuambiwa nini, ni lazima kwanza ieleweke ardhi hufanya nini inapochimbwa. Udongo ukitolewa chini, ule wa juu hushuka kidogo kuziba pengo. Mashine za kisasa husukuma uso wa udongo kwa nguvu inayolingana na uzito wake na kujenga ukuta wa zege nyuma yao papo hapo, hivyo mshuko huwa milimita chache na nyumba nyingi hazipati hata ufa. Hatari kubwa zaidi ni maji. Shimo la stesheni likishuka chini kuliko kina cha maji ya ardhini, kuta zake hugeuka kuwa bwawa lililopinduliwa: maji yako nje, yanatafuta njia ya kuingia. Yakipata mwanya kwenye kiungo cha ukuta hayaji peke yake, huja na mchanga, na mchanga huo ni ule uliokuwa umebeba msingi wa nyumba ya jirani.

Ndiyo maana kazi ya kuwapasha habari majirani huanza kabla ya jembe la kwanza, na huanza kwa ukaguzi wa nyumba zao. Mkaguzi hupita chumba kwa chumba, hupiga picha kila ufa, kila mlango usiofunga vizuri, kila sakafu iliyoinama, kisha mwenye nyumba na mradi huweka sahihi kwenye nakala mbili. Mantiki yake ni ile ile ya mpangaji na mwenye nyumba siku ya kukabidhiana funguo: kila upande unataka ushahidi wa hali ilivyokuwa. Bila nakala hizo, mabishano yote ya baadaye kuhusu nyufa huwa neno la huyu dhidi ya neno la yule, na mwenye wanasheria wengi ndiye hushinda.

London, mji uliofungua reli ya kwanza ya abiria ya chini ya ardhi duniani tarehe 10 Januari 1863, umeyapanga mambo haya kwa makaratasi mengi. Mradi wa Crossrail, ulioanza kujengwa mwaka 2009 na kufunguliwa Mei 2022 kwa jina la Elizabeth line, ulichimba kilomita 42 za mahandaki chini ya mji uliojaa. Wenye nyumba zilizo ndani ya mita 30 kutoka kwenye handaki waliweza kuomba hati ya kisheria inayoufunga mradi kulipia madhara ya kudidimia kwa ardhi. Simu ya msaada ilipokelewa saa 24. Juu ya hapo kuliwekwa kamishna wa malalamiko asiyekuwa chini ya mkandarasi, wa kumwendea pale jibu la kwanza lisiporidhisha. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana: ofisi inayopokea malalamiko dhidi ya kazi ya ofisi ile ile haiwezi kuaminika, hata ikiwa na wafanyakazi wapole kiasi gani.

Ilani yenyewe, ile karatasi inayopita nyumba kwa nyumba, ina ufundi wake. Jirani hana haja ya kujua mradi utagharimu mabilioni mangapi. Anataka kujua kesho kutafanyika nini, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi, kelele itakuwa ya aina gani, maji au umeme utakatwa au la, gari la wagonjwa litapita wapi, na ampigie nani asipoweza kulala. Ilani ikitaja siku tatu, kazi iishe siku tatu. Ikichelewa, ilani nyingine itoke kabla ya ya kwanza kuisha. Watu huvumilia kelele iliyotajwa saa yake kwa sababu wanaweza kujipanga nayo: mama atampeleka mtoto mchanga kwa bibi, fundi cherehani ataanza kazi mapema, mchungaji atasogeza mazoezi ya kwaya. Kelele inayokuja bila taarifa huchosha kuliko ile kubwa yenye ratiba, kwa kuwa mtu hukaa akiingoja hata wakati haipo.

Mfano ulio wazi kuliko yote wa mradi uliojifunza haya kwa taabu ni Noord/Zuidlijn ya Amsterdam, njia ya kilomita 9.7 kutoka kaskazini hadi kusini mwa mji huo wa Uholanzi. Amsterdam imejengwa juu ya udongo laini uliolowa maji, na nyumba zake za zamani husimama juu ya nguzo za mbao zilizopigwa chini hadi kwenye tabaka la mchanga. Wahandisi waliijua hatari hiyo. Walifunga vioo vidogo kwa maelfu kwenye kuta za nyumba, na darubini za kujiendesha zilizovipima usiku na mchana kuona kama nyumba yoyote imesogea. Kwa upande wa vipimo, hakuna aliyeweza kuwalaumu kwa uzembe.

Juni 2008 ukuta wa shimo la stesheni ya Vijzelgracht ulivuja. Maji yakatoka na mchanga, na nyumba kadhaa za wafumaji zilizojengwa karne ya 17 zikashuka kwa takriban sentimita 15. Wakazi wakahamishwa. Kazi ikasimama, ikarudi, na Septemba mwaka huo huo uvujaji mwingine ukashusha nyumba nyingine zaidi ya sentimita 20. Vipimo vilikuwapo, lakini watu wa mtaa waliona kwamba kwa miaka walikuwa wakiambiwa kila kitu ni salama, na sasa milango yao haifunguki. Mwanzoni mwa 2009 mjumbe wa serikali ya mji aliyesimamia mradi, Tjeerd Herrema, alijiuzulu. Kamati ya uchunguzi iliyoongozwa na Cees Veerman, waziri wa zamani, iliulizwa swali zito: je, mradi ufukiwe na kuachwa, au uendelee? Ilijibu uendelee.

Baada ya hapo namna ya kusema na majirani iligeuka. Badala ya kuahidi kwamba hakuna kitakachoharibika, mradi ulianza kueleza hatari zenyewe na nini kitafanywa zikitokea. Wahandisi na mafundi waliokuwa wamefichwa nyuma ya msemaji walitolewa mbele, wakazungumza kwa majina yao. Mtaani Rokin palijengwa mahali pa kutazamia ndani ya shimo, mpita njia akaweza kushuka na kuona kwa macho yake kazi inayomsumbua. Wanaakiolojia waliokuwa wakichambua tope lililotolewa, ambamo walipata karibu vitu 700,000 vya wakazi wa zamani wa mji, nao walifungua milango. Mashine za kuchimba zikapewa majina ya kike: Noortje, Gravin, Molly na Victoria. Njia ilifunguliwa Julai 2018, miaka mingi nyuma ya ratiba na kwa gharama ya takriban yuro bilioni 3.1, zaidi ya maradufu ya makadirio ya mwanzo. Mambo ya majina na ya kutazama mashimo ni rahisi kuyaiga, na miradi mingi duniani imeyaiga. Kilicho kigumu kuiga ni ule uamuzi wa kuitaja hatari kabla haijatokea, na huo ndio uliorudisha imani.

Kuna wakati habari si suala la imani tena, ni suala la uhai. Katika mji wa Cologne, Ujerumani, tarehe 3 Machi 2009, karibu saa nane mchana, jengo la hifadhi ya nyaraka za kihistoria za mji lilianguka ndani ya shimo la reli iliyokuwa ikijengwa mbele yake. Wafanyakazi wa ujenzi walipoona maji na udongo vinaingia kwa kasi walikimbia kuwaonya waliokuwa ndani, na wasomaji na watumishi wa hifadhi wakatoka dakika chache kabla ya jengo kuporomoka. Vijana wawili waliokuwa katika nyumba ya jirani hawakupata onyo kwa wakati, wakafa. Mwaka 2004, kwenye njia hiyo hiyo, mnara wa kanisa la Mtakatifu Yohane Mbatizaji ulikuwa umekwisha kuinama, na katika jengo la hifadhi nyufa zilikuwa zimeonekana miezi kadhaa kabla. Kwa hiyo habari inapaswa kwenda pande zote mbili. Mlinzi wa jengo anayeona mlango umeanza kukwama ni chombo cha kupimia sawa na darubini yoyote, ilimradi kuna mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi atakayepokea simu yake. Jirani akipiga simu na kuambiwa tu kwamba ujumbe wake umeandikwa, chombo hicho kimetupwa.

Afrika nayo ina uzoefu wake. Cairo ilifungua metro ya kwanza ya bara hili mwaka 1987. Njia yake ya tatu ilipopangwa kupita chini ya kisiwa cha Zamalek, wakazi walipinga kwa miaka, wakihofia majengo yao ya zamani. Julai 2020, mashine ikipita chini ya kisiwa hicho, jengo moja la ghorofa lilipata nyufa na wakazi wake wakaondolewa ili ardhi iimarishwe kwa kudungwa saruji. Hofu ambayo wengine waliiona kuwa kelele za matajiri ilithibitika kuwa na msingi.

Copenhagen ilikutana na tatizo jingine, la kelele za usiku. Wajenzi wa njia ya duara ya Cityringen, yenye stesheni 17, iliyofunguliwa Septemba 2019, walitaka kufanya kazi mpaka usiku kwenye mashimo yaliyozungukwa na nyumba za watu. Majirani wakakata rufaa. Mwaka 2014 likaja suluhisho kwa njia ya sheria: wakazi wanaokaa ndani ya kelele inayozidi kiwango walipwe kwa kadiri ya kelele hiyo, na wale walio katika hali mbaya zaidi wapewe mahali pengine pa kuishi. Hapo ilani ilibadilika tabia. Karatasi iliyotangaza kazi ya usiku ilikuwa pia hesabu ya pesa ambayo mradi utatoa, na mjenzi anayelipia kila usiku wa kelele hufikiri mara mbili kabla ya kuuomba.

Katika nchi za Kiswahili hakuna mji wenye metro kamili ya chini ya ardhi, lakini mahandaki na majirani wake wapo. Handaki la Ngong, lenye urefu wa takriban kilomita 4.5 pembezoni mwa Nairobi, lilijengwa kwa ajili ya reli ya kisasa kutoka Nairobi hadi Naivasha, iliyozinduliwa Oktoba 2019. Mwamba unapochimbwa kwa baruti, ilani ya jirani ni lazima iwe sahihi zaidi: saa ya mlipuko, king'ora kitalia mara ngapi, watu wasogee umbali gani, na ishara gani inasema hatari imekwisha. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mtikisiko zinaweka mpaka wa sentimita 0.5 kwa sekunde kwa mtikisiko unaovuka mpaka wa kiwanja, na kwenye maeneo ya makazi kelele ya ujenzi usiku haitakiwi kuzidi desibeli 35, kiwango cha chumba tulivu. Katiba ya 2010, ibara ya 35, inampa raia haki ya kupata habari zilizoko mikononi mwa serikali. Sheria zipo. Mkazi asiye na kipimo cha mtikisiko, hata hivyo, hawezi kujua sheria imevunjwa mpaka mwenye kipimo aandike matokeo mahali anapoweza kuyasoma, na hapo ndipo miradi mingi hunyamaza.

Reli hiyo hiyo ya Nairobi ilionyesha pia gharama ya kuanza kazi kabla ya kusikiliza. Septemba 2016 baraza la rufaa za mazingira lilitoa amri ya kusimamisha ujenzi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nairobi baada ya wanaharakati kulalamika, na mvutano ukaendelea mpaka daraja la kuvuka hifadhi lilipoanza kusimama mwaka 2018. Tanzania ilijenga reli yake kwa njia nyingine: kutoka stesheni ya Dar es Salaam treni hupita juu ya daraja refu katikati ya makazi. Tangu jiwe la msingi lilipowekwa Aprili 2017 mpaka safari za abiria zilipoanza Juni 2024, maofisa wa Shirika la Reli walizunguka mitaani, vijijini na mashuleni kueleza mipaka ya reli, fidia na hatari ya nyaya za umeme. Njia iliyotumika ni ile inayofahamika kila mahali: mwenyekiti wa mtaa anaitisha mkutano, watu wanakaa, wanauliza.

Mkutano wa namna hiyo, uwe baraza la chifu huko Kajiado, Kenya, au wa mkubwa wa mtaa huko Katuba, Lubumbashi, una faida ambayo karatasi haina, kwamba swali la mmoja hujibiwa wakisikia wote. Una kasoro pia. Huwafikia zaidi wenye nyumba na wazee, na huitishwa mchana, saa ambayo mchuuzi yuko sokoni. Mpangaji huondoka bila kuhesabiwa, na mama mwenye meza ya mboga kando ya barabara itakayofungwa hana jina kwenye orodha yoyote ya fidia, ingawa ndiye atakayepoteza kipato wiki ya kwanza. Lugha nayo huchuja watu. Lubumbashi, mji wa eneo la Katanga katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulioanza mwaka 1910 reli ilipofika, hati za serikali huandikwa kwa Kifaransa na maisha huendeshwa kwa Kiswahili. Tathmini ya athari za mradi, ya kurasa mia nne kwa Kifaransa cha wahandisi, iliyowekwa mezani ofisini kwa bugumestri, mkuu wa komini, kisheria imetangazwa. Kwa mama muuza samaki wa soko la Kenya, komini ya mji huo, haijatangazwa. Muhtasari wa kurasa tatu kwa Kiswahili cha mji, uliosomwa redioni jioni na kurudiwa kanisani Jumapili na msikitini Ijumaa, ungefanya kazi ambayo kitabu hicho hakiwezi.

Watu wa Katanga hawahitaji kuelezwa maana ya kuishi juu ya mashimo. Katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, tangu mwaka 2014 kobalti ilipogunduliwa chini ya viwanja vya watu, wakazi walichimba ndani ya nyua zao na mahandaki yakapita chini ya nyumba, bila ramani, bila ilani, bila mhandisi, mpaka kuta zikapasuka na serikali ya mkoa ikaingilia mwaka 2017 na kuhamisha watu. Handaki la reli lenye kibali na mashine ya kisasa ni kitu kingine kabisa kwa usalama. Kwa jirani asiyeambiwa lolote, tofauti hiyo haionekani kutoka juu.

Sheria ya Kongo nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011, inayoweka misingi ya ulinzi wa mazingira, inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii, na inaweka uchunguzi wa hadhara ambapo umma huarifiwa na kutoa maoni kabla ya uamuzi. Kipindi hicho ndicho chenye nguvu zaidi kwa mkazi, kwa kuwa njia bado inaweza kusogezwa na masharti bado yanaweza kuandikwa kwenye kibali. Kibali kikishatoka, kinachobaki ni kulalamika. Anayesikia kwamba reli, barabara au mfereji mkubwa utapita mtaani kwake asingojee mkandarasi afike: apige picha kuta zake zote, ndani na nje, zikiwa na tarehe, aombe ukaguzi wa nyumba na abaki na nakala yenye sahihi, aulize jina na simu ya mtu mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi, na kama ni mpangaji au mchuuzi, adai jina lake liandikwe kwenye orodha kabla mabati hayajasimamishwa.